Neno likifika siku ya tatu, lipe jembe

Kila matokeo ya mitihani ya kitaifa yanapotangazwa na Kiswahili kikaonekana kuyumba, mshtakiwa huwa ni yule yule: Sheng. Walimu wanailaumu, wazazi wanailaumu, nasi tunaoandika kuhusu lugha magazetini hatuachwi nyuma. Mashtaka yenyewe aghalabu huwa mawili. La kwanza, kwamba Sheng imejaa maneno ya kigeni. La pili, kwamba vijana huyapindua maneno, huyakata mikia na kuyageuza ndani nje hadi mtu mzima akawa hasikii kitu. Juma hili ningependa tuyachunguze mashtaka haya kwa utulivu. Sina nia ya kuitetea Sheng katika kila jambo, na mbele ya safari nitaeleza kwa nini. Nahofia tu kwamba tukimtia mshtakiwa huyu hatiani kwa makosa hayo mawili, itatubidi tukifunge Kiswahili chenyewe pia, pamoja na Kifaransa cha Paris na Kihispania cha Buenos Aires.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo huchanganywa sana. Neno mkopo ni neno lililotoka katika lugha nyingine. Simo, ambayo wenzetu wa Tanzania huiita misimu, ni neno au usemi wa kundi fulani la watu, unaotumiwa katika mazungumzo yasiyo rasmi. Unapouliza kuhusu mkopo, unauliza: limetoka wapi? Unapouliza kuhusu simo, unauliza: linatumiwa na nani, wapi, na kwa ajili gani? Haya ni maswali mawili tofauti, na jibu la moja halikupi jibu la lingine.

Chukua neno chai. Asili yake ni Uchina, likapita kwa Waajemi na Wahindi kabla ya kutua kwetu. Ni mkopo, lakini si simo. Hata askofu akiliagiza hotelini hakuna atakayeshtuka. Sasa chukua kitu kidogo. Hapo hakuna neno la kigeni hata moja. Kitu ni letu na kidogo ni letu. Hata hivyo, mwenye mamlaka akikusimamisha na kukuuliza kama una kitu kidogo, wajua fika kwamba hazungumzii ukubwa wa kitu. Hiyo ni simo isiyo na mkopo ndani yake. Halafu mtu huyo huyo anaweza kukuomba chai, na papo hapo neno la Uchina likawa simo ya Kenya. Kwa hivyo, anayesema kwamba simo ni mbaya kwa sababu ni maneno ya kigeni amechanganya mafaili mawili.

Turudi kwenye shtaka la kwanza, la ugeni. Hebu mfikirie mwalimu anayewaambia wanafunzi wake: “Andikeni kwa Kiswahili sanifu, mtumie maneno ya asili.” Ushauri mzuri, ila neno sanifu limetokana na Kiarabu, na neno asili pia limetokana na Kiarabu. Lugha ni la Kiarabu. Sarufi, fasihi, shairi, methali na istilahi, yote hayo tuliyakopa huko. Hata jina Kiswahili lina shina lililotoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya pwani. Tukiamua kufukuza wageni, hatutaweza hata kuhesabu hadi kumi. Moja, mbili, tatu, nne na tano ni zetu za Kibantu. Nane na kumi vilevile. Lakini sita, saba na tisa ni za Kiarabu. Mtoto atahesabu hadi tano, aruke hadi nane, kisha aruke tena hadi kumi.

Jambo la kuchekesha zaidi ni neno kamusi, yaani kile kitabu chenyewe tunachokifungua kuthibitisha kama neno fulani ni letu. Tulilipata kwa Waarabu. Kwao, qamus lilimaanisha bahari kuu, nao walikuwa wamelichukua kwa Wagiriki, ambao bahari iliyoizunguka dunia waliiita okeanos. Karne nyingi zilizopita mwanachuoni al-Firuzabadi alikipa kitabu chake kikubwa cha msamiati jina lenye neno hilo, akimaanisha bahari ya maneno, na baada ya muda jina la kitabu kimoja likawa jina la vitabu vyote vya aina hiyo. Basi mlinzi wetu wa mlangoni, anayeamua nani aingie na nani abaki nje, mwenyewe ni mgeni aliyepita nyumba mbili kabla ya kubisha hodi kwetu.

Wareno nao walituachia meza, bendera na leso. Walituachia pia gereza, ambalo wanaisimu hulihusisha na igreja, yaani kanisa kwa Kireno. Kutoka kanisani hadi jela ni safari ndefu, lakini si ya ajabu ukikumbuka kwamba ngome zao zilikuwa na makanisa ndani yake, na kwamba Ngome ya Yesu pale Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka wa 1593, ilikuja kuwa jela wakati wa utawala wa Waingereza. Wajerumani walituachia shule. Huko Zanzibar, ambako Mwingereza ndiye aliyetawala, utasikia skuli hadi leo. Sisi Wakenya, ukiondoa miaka michache ya Witu, hatukutawaliwa na Mjerumani, ila watoto wetu kila asubuhi wanaenda shule.

Basi ikiwa ugeni si kosa, tutajuaje kwamba neno limekuwa letu? Wahenga walitupa kipimo walipokuwa wakizungumzia wageni wa nyumbani: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Neno nalo huwa hivyo. Siku mbili za kwanza huketi sebuleni na viatu vyake vya kwao, likitamkwa kigeni na kuandikwa kwa mlazo. Siku ya tatu, sarufi humpa jembe. Akilima kama wenyeji, huyo si mgeni tena.

Jembe la Kiswahili ni ngeli na viambishi. Tazama neno kitabu. Kwa Kiarabu ni kitab, na wingi wake ni kutub. Ile ki- ya mwanzo ni sehemu ya shina, haina uhusiano wowote na umoja. Mswahili alipoisikia hakuuliza. Aliona ki-, akajua hii ni ngeli ya KI-VI, akasema vitabu. Mwarabu angestaajabu, lakini kazi ilikuwa imekwisha. Tanzania walifanya vivyo hivyo kwa mzunguko wa barabarani. Kulikuwa na kibao cha Kiingereza kilichowaamuru madereva wakae kushoto. Watu wakalifanya agizo hilo kuwa jina, kipilefti, na mizunguko ikiwa miwili ikawa vipilefti. Wakaona kile kikinga matope juu ya gurudumu, ambacho jina lake la Kiingereza linaanza kwa sauti inayofanana na ma-, wakachukulia kwamba hiyo ni alama ya wingi. Basi kikiwa kimoja wakakiita digadi, vikiwa vingi madigadi.

Vitenzi hupewa jembe zito zaidi. Kutokana na shina moja la Kiarabu tulipata safiri, kisha safirisha, safirishwa, msafiri, usafiri na usafirishaji. Neno moja lilikuja likiwa pekee, likazaa ukoo mzima hapa hapa. Halafu mmoja wa ukoo huo, safari, akaondoka tena. Wazungu walimchukua katika karne ya 19, na leo yumo katika lugha nyingi za dunia akiwa na maana ya kutazama simba na twiga. Kukopa si njia ya upande mmoja. Mwaka wa 2022 kamusi ya Oxford ya Kiingereza iliongeza maneno kadhaa ya Afrika Mashariki, yakiwemo nyama choma na sambaza. Sikuwasikia Waingereza wakilia kwamba lugha yao inaharibiwa.

Sasa tumpime mshtakiwa kwa kipimo hicho hicho. Kijana wa Umoja au Kariobangi anaposema “alinishow”, yaani aliniambia, ugeni uko wapi? Uko kwenye shina tu. A- ni nafsi, -li- ni wakati uliopita, -ni- ni mtendwa, na vyote vimepangwa kwa utaratibu ule ule wa “aliniambia” na “alinipiga”. Anaposema “mabeshte wangu wamekam”, beshte amepewa wingi wa ma-, kitenzi kikapatanishwa kwa wa-, na -me- ikaonyesha kwamba tendo limetimia. Kijana huyu hajavunja sarufi ya Kiswahili kwa kulichukua neno la Kiingereza. Amempa mgeni jembe siku ya kwanza, kabla hata ya chai. Ndiyo maana Profesa Chege Githiora, katika kitabu chake cha mwaka wa 2018 kuhusu Sheng, anaichukulia kuwa sehemu ya Kiswahili cha Kenya kinachozungumzwa, wala si lugha ngeni iliyokivamia.

Linganisha na afisa aliyevaa tai anayesimama kwenye mkutano na kutangaza: “Ni very important tu-address hii issue kabla haijakuwa a serious problem.” Hapo, ukitoa ile tu- iliyobandikwa kama stempu, maneno ya Kiingereza yameketi sebuleni na viatu vyake, na Kiswahili ndicho kinachopita na sinia kuyahudumia. Ila huyu halaumiwi. Husifiwa kwamba amesoma. Nimekaa kwenye mikutano mingi ya namna hiyo, na sijawahi kumsikia mzazi akilalamika kwamba afisa anaharibu lugha ya watoto. Kumbe wakati mwingine tunapokasirikia maneno, tunamkasirikia anayeyasema.

Tuje kwenye shtaka la pili: kupindua maneno. Sheng ina neno risto, lenye maana ya hadithi, habari au porojo. Limetoka kwenye stori, ambalo nalo tulilitohoa kutoka Kiingereza. Vijana walichukua silabi ya mwisho, ri, wakaipeleka mbele ya sto. Basi. Wapo wanaoliona jambo hili kuwa ushahidi kamili wa uharibifu: kwamba neno lisibaki hata na umbo lake!

Kwa wenye maoni hayo nina habari. Mmisionari Edward Steere alifika Unguja mwaka wa 1864, akaja kuwa askofu huko. Kitabu chake cha kufundishia Kiswahili cha Unguja kilitoka kwa mara ya kwanza mwaka wa 1870, na ndani yake mna nyongeza yenye mifano ya kitu ambacho wenyeji wenyewe walikiita kinyume. Kinyume kilikuwa namna ya kusema kwa mafumbo, ambapo silabi ya mwisho ya neno ilihamishwa ikawekwa mwanzoni. Kwa kanuni hiyo, nyumba huwa mbanyu, kitabu huwa bukita, na rafiki huwa kirafi. Asiyejua kanuni huachwa nje ya mazungumzo ingawa kila sauti anayoisikia ni ya lugha yake mwenyewe.

Msomaji, itazame tena risto. Sto-ri, ri-sto. Hicho ni kinyume kitupu, tena kwa kanuni ile ile ya Unguja. Sisemi kwamba vijana wa Nairobi walikisoma kitabu cha Steere, wala kwamba babu zao wa pwani ndio waliowafundisha. Ninachosema ni kwamba mchezo huu ulichezwa ndani ya Kiswahili zaidi ya karne moja kabla ya mtoto wako kuzaliwa, katika mji ambao lahaja yake ndiyo iliyokuja kuteuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Ikiwa kupindua silabi ni ugonjwa, basi tuliurithi kutoka kitovuni.

Wala si sisi peke yetu. Ufaransa ina simo iitwayo verlan, inayohusishwa sana na vijana wa mitaa ya pembezoni mwa Paris. Jina lenyewe ni usemi wa Kifaransa wenye maana ya kinyume, l'envers, uliopinduliwa. Kwa verlan, femme, yaani mwanamke, huwa meuf, na fête, yaani sherehe, huwa teuf. Mwanamuziki Stromae wa Ubelgiji, ambaye baba yake alikuwa Mnyarwanda, alilipata jina lake la kisanii kwa kupindua neno maestro. Kule Buenos Aires mchezo huo huitwa vesre, ambalo ni neno revés, kinyume kwa Kihispania, lililogeuzwa. Kahawa, café, ikawa feca, na tango, ule muziki wao maarufu, ukawa gotán. Nchini Ufilipino vijana wakimsifu mtu wanayemhusudu humwita lodi, ambalo ni idol la Kiingereza lililosomwa kutoka nyuma. Mitaa hii haipakani, wala vijana wake hawakukaa kikao. Mbona basi mikono yao yote iliangukia chombo kimoja?

Jibu ni kwamba simo ina kazi mbili ambazo lugha rasmi haizifanyi vizuri. Ya kwanza ni kuficha: tuseme bila mwalimu, mzazi au askari kuelewa. Ya pili ni kutambulishana: ukisema hivi, wewe ni wetu. Kwa sababu ya kazi hizo, simo haiwezi kutulia. Wakubwa wakiijua tu, imepoteza thamani, na itabidi ibadilishwe. Verlan inaonyesha jambo hili waziwazi. Neno arabe, yaani Mwarabu, lilipinduliwa likawa beur. Neno beur likazagaa redioni na magazetini hadi kila mtu akalijua. Vijana wakalipindua tena, likawa rebeu. Kwetu, mzazi aliyejifunza juzi kwamba mathe ni mama atakuta tayari kuna masa na mokoro. Kamwe hatawafikia, na ndivyo ilivyokusudiwa.

Hapo ndipo tunapata jibu la hofu ya wengi kwamba simo zitakimeza Kiswahili. Nyingi hufa zenyewe. Fikiria majina ya mitaani ya pesa, ya polisi, ya gari. Gari limekuwa moti, likawa ndai, likawa dinga. Kila kizazi kinaleta lake kwa sababu kitu chenyewe kilishapata jina, na jina jipya kazi yake ni kumtambulisha msemaji, si kukitaja kitu. Kizazi kikikua na kupata watoto, jina huzeeka nacho.

Ila zipo simo ambazo hazikufa, na inafaa tuzitazame kwa makini. Tuchukue vyombo vya usafiri vya nchi tatu. Maelezo yanayojulikana zaidi kuhusu matatu ni kwamba nauli ilikuwa senti thelathini, yaani sarafu tatu za senti kumi kumi. Yalikuwa magari ya mtaani na jina la mtaani. Mwaka wa 1973 Rais Jomo Kenyatta aliyaruhusu kubeba abiria bila leseni maalumu, na baadaye neno lenyewe likaingia katika Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, ambako lina fasili yake kamili. Tanzania wana daladala, kutokana na dala, jina la mitaani la sarafu ya shilingi tano iliyokuwa nauli. Na dala yenyewe ni ile dola ya Marekani. Mpakani mwa Kenya na Uganda, pale Busia, waendesha baiskeli waliobeba watu kutoka upande mmoja wa mpaka hadi mwingine waliita abiria kwa neno la Kiingereza la mpaka, mara mbili, na bodaboda ikazaliwa. Leo tunaliandika kwenye vichwa vya habari bila alama za mtajo.

Kwa nini haya yaliishi ilhali mengine yalikufa? Kwa sababu yalikuja na kitu kipya ambacho hakikuwa na jina. Hapakuwa na neno la Kiswahili sanifu lililokuwa likingoja kulitaja gari dogo la abiria lenye utingo anayening'inia mlangoni. Neno la mtaani lilikuta nafasi tupu, likakaa. Hii si kanuni isiyovunjika. Meuf limeingia katika kamusi maarufu ya Kifaransa, Le Petit Robert, ingawa Wafaransa hawakuwa na uhaba wa neno la mwanamke. Lakini ni mwongozo mzuri. Neno lenye kazi ya kutaja lina nafasi kubwa ya kuishi kuliko lenye kazi ya kujitambulisha tu.

Mabaraza ya lugha hayawezi kuamuru mambo haya peke yake. Ufaransa ina chuo cha lugha, Académie française, kilichoundwa mwaka wa 1635, na tangu 1994 ina sheria inayolinda Kifaransa katika matangazo na shughuli za umma. Mwaka wa 2003 serikali ilichapisha rasmi neno courriel liwe jina la barua pepe. Neno zuri, limeundwa vizuri, na katika nyaraka rasmi linatumika. Lakini ukipita ofisini utawasikia wengi wakisema mail. Sisi nasi tuna tarakilishi, neno lililoundwa kwa ustadi na ambalo wanafunzi wetu huliandika kwenye mtihani. Wakitoka mtihanini wanakwenda kutafuta kompyuta. Wataalamu hupendekeza, na wasemaji ndio wapiga kura.

Je, basi tuache kila kitu kiingie darasani? Hapana, na hapa ndipo ninapoachana na watetezi wa Sheng wanaodai kwamba yatosha. Simo iliyoundwa ili isieleweke na wengine haiwezi kumhudumia mtu anapotaka kueleweka na wengine. Sheng ya Kayole haitakusaidia sana Lodwar, wala Tunduru, wala Bukavu. Haitakusaidia kusoma masharti ya mkopo, kuandika barua ya kuomba kazi, au kueleza kortini kilichotokea usiku wa tukio. Mtoto anayemaliza shule akiwa na simo peke yake amenyimwa kitu, na wa kwanza kuumia ni mtoto wa familia isiyo na njia nyingine ya kumpatia lugha rasmi. Kwa hiyo kazi ya mwalimu iko pale pale. Ninachokipinga ni namna tunavyoifanya.

Kwenye daftari la insha, wino mwekundu hauna lugha mbili. Mwanafunzi akiandika “vitabu kilianguka”, hukatwa. Akiandika “alinipa risto”, hukatwa vivyo hivyo. Lakini hayo si makosa ya aina moja. La kwanza limevunja upatanisho wa sarufi. Hakuna mahali popote pa Kiswahili ambapo litakubalika. La pili liko sawa kisarufi, ila limekuja mahali pasipo pake. Mtoto asipoelezwa tofauti, anajifunza somo moja tu: kwamba lugha anayozungumza na nduguze ni uchafu, na Kiswahili ni kitu cha kumwogopesha mtu mtihanini. Anayeogopa haandiki anachokijua. Hukimbilia vifungu alivyokariri, jogoo akawika, jua likachomoza kwa madaha, naye akaamka na mapema na kupiga mswaki, hata kama insha ilihusu ajali ya usiku. Kila msahihishaji amezisoma insha hizo. Mara nyingi hazina simo hata moja, wala mtoto mwenyewe hayumo.

Ningependekeza jambo dogo. Pale ambapo neno ni simo, mwalimu asiandike “kosa”. Aandike “si mahali pake”, kisha amwombe mwanafunzi atafute la mahali hapo. Risto ni zuri kwa zoezi hili. Je, ulimaanisha kisa? Hekaya? Habari? Uvumi? Umbeya? Kisingizio? Simo moja hubeba yote hayo kwa pamoja, ilhali Kiswahili kina neno mahususi kwa kila moja, na anayejua kuchagua kati yake anaweza kusema jambo ambalo risto haliwezi kulisema. Mtoto akifika hapo, hahitaji kuambiwa kwamba Kiswahili sanifu ni tajiri. Amekwisha kukipima mwenyewe, kwa kutumia neno alilolileta kutoka nyumbani.

Zoezi la pili: mpe ujumbe mmoja auandike mara tatu. Mathalani, mfereji umekauka mtaani kwa juma zima. Amwandikie rafiki yake, amwandikie chifu, kisha aliandikie gazeti. Mruhusu atumie Sheng katika barua ya kwanza. Ataona mwenyewe ni maneno gani yanavuka hadi ya tatu na ni yapi yanabaki nyuma, na akiulizwa sababu, atakuwa nayo. Hilo ndilo linaloitwa kujua sajili, na hakuna anayezaliwa nalo.

Kuhusu maneno yanayoendelea kubisha hodi, tusiwe na haraka ya kuyafukuza wala ya kuyakumbatia. Tusiulize kwanza yametoka kwa nani. Tuyaulize yamekuja kutaja nini, kisha tungoje siku ya tatu tuone kama yanashika jembe. Yatakayolima tutayaandika kwenye kamusi, kando ya sita na saba, kando ya gereza na shule, ambayo nayo siku moja yalikuwa wageni na hakuna mtoto anayelijua jambo hilo hadi afundishwe.